Pima utando wa seli kwa kiazi, bitiruti na pakiti ya ORS

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa sekondari, na wa mwalimu ambaye maabara yake ni meza mbili na bomba moja. Kazi yangu ni kuandaa mazoezi ya vitendo ya baiolojia kwa vituo vya tuisheni hapa Dar es Salaam, na kila nitakachotaja kinapatikana sokoni, kwa Mangi na duka la dawa la mtaani. Hadubini hatuihitaji.

Kila mtahiniwa amekariri kwamba utando wa seli huchagua cha kupitisha. Ukimuuliza unachagua kwa kigezo gani, atakwambia kwa ukubwa: vidogo vipite, vikubwa vibaki. Jibu hilo nalikata kwa kalamu nyekundu kila muhula. Fanya majaribio haya utaona kwa nini.

Mahitaji

Viazi mviringo vichache, bitiruti moja ngumu (Kisutu au Kariakoo hazikosekani), chumvi, spiriti ya duka la dawa, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, pakiti mbili za ORS, glasi za kuonyesha ndani, rula na kisu kikali. Mzani wa jikoni ukiupata ni vizuri, usipoupata vidole vitatosha.

Yai nimeliacha kwa makusudi. Najua wengi hupenda lile la kuloweka yai kwenye siki mpaka ganda liishe, kisha unalitia kwenye maji linavimba. Linapendeza, na osmosisi, yaani maji kupenya utando, unaiona kweli. Ila ile ngozi inayobaki si utando wa seli. Ni shuka la nyuzi za protini lililo nje ya seli. Anayetaka kujifunza utando atumie kitu chenye seli hai, na kiazi kibichi ni hai.

Hatua ya 1: Kiazi

Menya kiazi chote, maana ganda lake lina nta inayozuia maji. Kata vipande vyenye urefu wa sentimita 5 na unene wa sentimita 1 kila upande. Vikaushe kwa tishu, upime vitatu vitatu kwa pamoja kwa sababu mzani wa jikoni hausomi vizuri kipande kimoja. Andika.

Andaa glasi tatu: ya kwanza maji matupu, ya pili maji yenye chumvi gramu 9 kwa lita, ya tatu gramu 50 kwa lita. Kama huna mzani, kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba karibu gramu 6 za chumvi laini, kwa hiyo kijiko kimoja na nusu kwa glasi ya pili na vinane kwa ya tatu, kila mara kwa lita nzima. Tumbukiza vipande, acha saa mbili. Usivilaze mpaka asubuhi. Kwa joto letu glasi ya maji matupu itaanza povu na harufu, na hapo utakuwa unapima bakteria.

Vitoe, kausha, pima tena, kisha shika kila kipande kwa ncha mbili ukikunje. Cha maji matupu kimekakamaa, ukikilazimisha kinakatika kwa mlio. Cha chumvi nyingi kimelegea, kinapinda bila kukatika, na uzito umeshuka. Cha gramu 9 hakijabadilika sana, kwa kuwa ukali wa maji yake unakaribiana na wa utomvu wa kiazi.

Maji huhamia upande wenye vitu vingi vilivyoyeyuka. Yeyote aliyekamua kitunguu cha kachumbari kwa chumvi analijua hilo. Wanafunzi wengi huishia hapo, lakini swali zuri bado halijaulizwa: kwa nini maji ndiyo yaliyotoka, badala ya chumvi kuingia? Kama chumvi ingepenya kirahisi kama maji, pande mbili zingelingana na kiazi kisingelegea. Kipo kitu kilichoizuia. Na ioni ya sodiamu, ile chembe yenye chaji inayotoka kwenye chumvi ikiyeyuka, ni ndogo mno.

Hatua ya 2: Bitiruti

Hili ndilo jaribio ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu rangi yenyewe ndiyo shahidi. Rangi nyekundu ya bitiruti imefungiwa ndani ya vakuoli, kifuko kilicho ndani ya seli, kwa hiyo ili itoke lazima ivuke tando mbili, wa vakuoli na wa seli. Ukiiona kwenye maji, ujue tando zimeharibika.

Kata vipande vidogo vinavyolingana, kisha vioshe. Vioshe tena. Endelea mpaka maji yatoke meupe kabisa, maana seli ulizozipasua kwa kisu zinamwaga rangi ambayo haihusiani na swali letu. Asiyeosha vizuri hupata glasi zote nyekundu na kusema jaribio limekataa.

Sasa andaa maji ya joto tofauti. Bila kipimajoto, fanya hesabu: maji ya bomba ya Dar yako karibu nyuzi 30, yanayochemka ni 100. Sehemu moja ya moto kwa tatu za bomba hukupa nyuzi 45 hivi. Nusu kwa nusu ni kama 60, kwa kuwa glasi nayo hunyonya joto. Tatu za moto kwa moja ya bomba ni karibu 80. Weka idadi ileile ya vipande kwenye kila glasi, na glasi moja ya maji ya bomba peke yake ya kulinganishia. Baada ya dakika 10 weka karatasi nyeupe nyuma ya glasi utazame.

Ya bomba haina kitu. Ya 45 huenda ina dalili kidogo. Kuanzia 60 rangi inamwagika wazi, na ya 80 ni nyekundu iliyokolea. Joto limekunjua protini za utando na kuyumbisha mafuta yake.

Chukua glasi nyingine mbili, moja ya spiriti, nyingine ya maji yenye vijiko viwili vya sabuni ya maji. Spiriti iwe mbali na jiko, inashika moto upesi. Subiri nusu saa. Hapa hakuna joto lolote, lakini rangi inatoka, kwa sababu spiriti na sabuni huvuruga mafuta. Utando umejengwa kwa mafuta, ndiyo maana umeshindwa. Usitumie sabuni ya unga wala ya mche: zina ualkali mwingi, na ualkali hugeuza rangi ya bitiruti kuwa ya manjano, ukabaki unajiuliza imekwenda wapi.

Hatua ya 3: Chora ulichokiona

Chora safu mbili za fosfolipidi, molekuli za mafuta zinazojenga utando. Kila moja ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili ya mafuta inayoyakimbia. Vichwa vitazame nje na ndani ya seli, mikia ifichane katikati. Unene wote ni kama nanomita 7 hadi 8.

Kwamba ni safu mbili, walisema watafiti Gorter na Grendel huko Leiden, Uholanzi, mwaka 1925. Walitoa mafuta ya chembe nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji, wakakuta yanafunika eneo mara mbili ya lile la chembe zenyewe. Baadaye ikaonekana hawakuyatoa mafuta yote, na eneo la chembe nalo walilipunja. Makosa mawili yakafutana, jibu likawa sahihi. Nawaambia wanafunzi wasijaribu bahati hiyo kwenye mtihani.

Sasa rudi kwenye swali la chumvi. Kwa uzito wa atomi na molekuli, sodiamu ni 23, glukosi 180, homoni ya estradioli 272. Kwa kanuni ya ukubwa, sodiamu ingepita na homoni ingebaki. Kinyume chake: estradioli hupenya safu ya mafuta kwa sababu yenyewe inayeyuka kwenye mafuta, na sodiamu hukwama kwa sababu ina chaji na imezungukwa na maji. Oksijeni na kabonidayoksaidi hupita. Maji hupenya kidogo, na mengi hupitia mifereji ya protini, akwaporini, iliyompa Peter Agre Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003.

Chora basi na protini. Zipo za mifereji, zipo za kubeba, na zipo pampu zinazotumia nishati ya ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli. Pampu ya sodiamu na potasiamu, ambayo Jens Skou aliieleza mwaka 1957 akitumia neva za kaa, hutoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2 kwa kila ATP. Bila pampu hiyo, sodiamu na potasiamu za ndani na za nje zingelingana, na seli ingekufa.

Hatua ya 4: ORS

Kwenye kipindupindu, sumu ya bakteria hufanya seli za utumbo mdogo zimwage kloridi. Sodiamu na maji vinafuata. Ila kuna mlango mmoja ambao sumu haiugusi: protini inayoingiza sodiamu 2 pamoja na glukosi 1. Ni kama bajaji ya kituoni, haing'oki mpaka nyuma watimie watatu. Ndiyo sababu ORS ina chumvi na sukari kwa pamoja. Ukinywesha chumvi pekee mlango huo hauzunguki. Vikishaingia, maji yanafuata kwa osmosisi.

Mchanganyiko wa Shirika la Afya Duniani wa tangu 2002 una gramu 13.5 za glukosi na 2.6 za chumvi ya kawaida kwa lita, pamoja na potasiamu na sitreti. Ukali wake ni miliosmoli 245 kwa lita, chini kidogo ya damu.

Jaribu kwa kiazi. Changanya pakiti moja kwenye lita nzima (soma pakiti, ipo ya ujazo mdogo), na nyingine ya aina hiyohiyo kwenye robo lita, kama wafanyavyo wengi wakidhani kali ndiyo nzuri. Tumbukiza vipande, subiri saa mbili, kunja. Cha lita nzima kimesimama. Cha robo lita kimelegea, kwa sababu maji yametoka kwenye seli. Utumbo wa mtoto nao ukipewa ile kali, maji yanavutwa kuelekea nje ya mwili na kuhara kunazidi. Soda yenye sukari nyingi hufanya vivyo hivyo.

Maji ya majaribio yote mwaga. ORS ya mgonjwa changanya upya kwa maji safi na salama, itumike ndani ya saa 24, na anayeharisha maji tupu apelekwe kituo cha afya huku anaendelea kunyweshwa njiani.