Kagua kiraka kabla ya kukibandika kwenye FreeBSD

Ukipandisha FreeBSD (mfumo endeshi) kwenda toleo jipya na una viraka vyako (patch, yaani faili za mabadiliko) vya msimbo chanzo, ingia /usr/src uendeshe kwanza `patch -C -p1 < /root/kiraka.diff`. Hiyo `-C` hukagua tu, haigusi faili hata moja. Njia za faili zilizoandikwa ndani ya kiraka zisipoanza na a/ na b/, weka `-p0`. Ukiona "Reversed (or previously applied) patch detected", mara nyingi marekebisho yako yameshaingia kwenye toleo jipya. Kiache kiraka hicho, kwani siku ya kubandika kweli ukijibu y kwa swali la kukigeuza kinyume (-R), marekebisho hayo yatafutwa! "Hunk #2 failed" maana yake sehemu ya pili ya kiraka imeshindwa kuingia, mara nyingi kwa sababu mistari ya jirani imebadilika, hamisha mabadiliko kwa mkono. Ukaguzi huu hukwama kiraka cha pili kikitegemea cha kwanza ambacho bado hakijabandikwa.