Kombaini ya matairi au ya mnyororo? Kanyaga jaruba kwanza

Mpunga ukishainama kwenye majaruba ya Kitere, Mtwara, naulizwa lile lile kuhusu kombaini, mashine ya kuvunia: "Bwana shamba, tukodi ya matairi au ya mnyororo?" Namwambia mkulima avue viatu, akanyage jaruba lake. Mguu ukizama mpaka kifundoni, ya matairi itakwama, na siku nzima itaishia kwenye kuinasua. Ya mnyororo wa mpira uzito wake umetandazwa, tena ile ndogo inayokata upana wa kama mita mbili hugeuka bila kubomoa matuta. Ya matairi ina shamba lake: kavu, kubwa, lisilo na visiki.

Lakini ubora wa mashine uko nyuma yake. Dereva akishavuna mita ishirini, msimamishe. Ondoa makapi, pima mraba wa mita moja, hesabu punje zilizo chini. Fanya hivyo sehemu kadhaa katika upana wote wa mkato, kwa sababu chini ya rundo la makapi punje huwa nyingi kuliko pembeni. Pima na mbele ya mashine, utoe kwenye hesabu zilizodondoka zenyewe. Punje 40 za mpunga ni karibu gramu moja. Ukibaki na wastani wa punje 400 kwa mita moja ya mraba, umeacha shambani kama kilo 40 kwa ekari. Hapo ile iliyokuwa na bei rahisi si rahisi tena.

Punje nzima zikiwa nyingi kwenye makapi, dereva anakimbia mno au feni inapuliza kwa nguvu. Zikiwa bado zimeshikilia kwenye masuke, ngoma ya kupura inazunguka polepole au mpunga ni mbichi. Zikivunjika ndani ya tangi, ngoma ipunguzwe mwendo, hasa kama unataka mbegu. Vuna unyevu ukiwa asilimia 20 hadi 24, uanze kuanika siku hiyo hiyo, mpaka ushuke 14. (Madereva hawapendi kusimamishwa. Wasimame tu, hela ni yako.)

Wakulima wa Nachingwea na Ruangwa huniuliza kuhusu ufuta. Kwa ufuta wetu, sishauri. Ganda likikauka linapasuka, na meno ya kombaini yakiligusa tu, punje ziko chini. Marekani wanauvuna kwa kombaini kwa sababu wana mbegu zilizozalishwa zishike punje ndani ya ganda hata likikauka. Kuleta chuma kisichoendana na shamba tumeshakuona hapa: mpango wa karanga wa Waingereza ulianza 1947, na 1951 ukafutwa.

Kata ufuta majani ya chini yakiwa njano na maganda ya chini yakianza kufunguka. Funga miganda midogo, isimamishe juu ya turubai ikauke. Kisha igeuze kichwa chini, uikung'ute taratibu, uirudishe, na baada ya siku chache ukung'ute tena.