Kugawa diski kabla ya kupiga Linux mara ya kwanza, Windows ikibaki

Mpwa wangu kaniletea laptopu ya mtumba: SSD ya GB 256, RAM ya GB 8. Anataka Linux Mint ya kujifunzia programu, lakini Windows isiguswe, ina kazi zake za chuo. Tulikwenda hivi.

1. Karatasi kwanza

Windows itakuonyesha GB 238 badala ya 256. Hujaibiwa: kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1024. Tukaandika: Linux 100, zinazobaki za Windows. Mint inaingia hata kwenye 20, ila utajuta mapema. Pima kabisa sasa, maana patisheni (vipande vya diski) ni kama viwanja vilivyopakana. Kuongeza upande wa kulia palipo wazi ni dakika chache. Kusogeza mwanzo wake ni kuhamisha data yote, na umeme ukikatika katikati ndiyo basi tena.

2. Bakapu

Kwenye diski ya nje. Asiyetaka, simsaidii.

3. Kuipunguza Windows

Hapa niliwahi kukesha. Bofya kulia kitufe cha Start, fungua "Disk Management", bofya kulia C, chagua "Shrink Volume". Rahisi, sivyo? Mimi diski ilikuwa na zaidi ya GB 120 tupu, Windows ikakubali kuachia 9 tu. Nikasafisha mafaili, nikafuta michezo, ikabaki 9 ile ile. Tatizo halikuwa ujazo. Kuna mafaili ambayo Windows haiyahamishi ikiwa inatumika, na moja likikaa katikati ya diski, kupunguza kunaishia hapo hapo hata kama mbele yake ni jangwa.

Dawa yake: fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `powercfg /h off`. Amri hiyo inafuta hiberfil.sys, faili la kulaza mashine, na inazima Fast Startup, ule uwashaji wa haraka wa Windows, kwa pamoja. Kisha zima kwa muda faili la kumbukumbu pepe, pagefile.sys, na "System Protection" ya C (ukiizima, zile nukta za kurudishia Windows nyuma zinafutika, ujue hilo). Washa upya, jaribu tena. Yangu iliruka kutoka 9 hadi zaidi ya 100.

Lakini kabla ya yote hayo angalia BitLocker, kufuli la diski la Windows. Laptopu nyingi za Windows 11 zimefungwa kwa usimbaji na mwenyewe hana habari. Tafuta ule ufunguo wa tarakimu 48 kwenye akaunti yako ya Microsoft, uandike kwenye daftari, si ndani ya laptopu hiyo hiyo! Mimi huuzima usimbaji kabisa na kusubiri diski yote ifunguliwe.

Windows inauliza kwa MB, kwa hiyo GB 100 ni 102400. Nafasi ikitokea imeandikwa "Unallocated", iache hivyo, usiunde kitu. Ikikuambia diski itageuzwa kuwa "dynamic", kataa. Na tafadhali, usipunguze C kwa kutumia kisakinishi cha Linux. Kinaweza, ila mafaili ya Windows namwachia Windows mwenyewe.

4. Upande wa Linux

Washa laptopu kwa fleshi yenye Mint, na kwenye kisakinishi chagua "Something else", yaani kugawa mwenyewe. Kwenye ile nafasi tupu unda patisheni moja tu: ext4 (mpangilio wa mafaili wa Linux), mahali pake `/`, yaani mzizi wa mfumo wote. Wapo watakaokwambia utenge `/home`, folda la mafaili yako binafsi. Kwa GB 100 mimi sikubali: nimeona `/` ya GB 25 ikijazwa na Timeshift (nakala za kurudishia mfumo) na Flatpak (programu za vifurushi) huku `/home` ikipiga miayo. Patisheni ya swap (akiba ya RAM kwenye diski) haihitajiki, Mint inajitengenezea faili lake, labda uwe unataka kulaza mashine kwa hibernate.

Kile kipande kidogo cha FAT32, mara nyingi MB 100, ni EFI. Usikifomati. Windows inawakia humo, na Linux itapanga chumba hapo hapo.

5. Kabla ya kubonyeza

Soma majina: fleshi yako huenda ni `sdb`, SSD ni `nvme0n1` au `sda`. Orodha ya vitakavyofomatiwa iwe na mstari mmoja tu, ext4.

Ukirudi Windows, rejesha pagefile na System Protection. Fast Startup iache imezimwa, la sivyo Linux inaweza kukataa kuandika kwenye C.