Mutoto wa jirani karanga inamukatala: namna ya kusaidia bazazi bake

Hapa Goma karanga iko kila fasi, mu sombe, mu lengalenga, hata ile unga yenye banatia mu mboga bila kusema, njo maana mama mwenye mutoto wa aleriji hapumzikake. Kama uko jirani ao shangazi unaweza kumusaidia, na haiombe feza mingi.

Ya kwanza uache kusema "kidogo tu haina shida". Mi nilikoseaka hapo: kijiko ya sombe nikaichovya mu maharagi, kisha nikapakulia mutoto wa jirani ile maharagi, midomo ikavimba mbele hata amalize sahani. Na usiseme eti ni balozi bamemuloga, ao mama anaringa, ile maneno inamuchokesha kuliko kupika mara mbili.

Siku ya fete mupigie mama, umuambie unapika nini na umetia nini ndani. Mutoto wake umupakulie wa kwanza kabisa, vijiko bikiwa bingali safi, ufunike sahani yake. Akileta chakula yake mwenyewe usichukie. Kinu yenye ilitwanga karanga usitwangie ndani sombe yake, na batoto benye balikula karanga banawe na sabuni juu maji tupu haitoshe.

Kitu bantu banasahauke: Plumpy'Nut, ile pakiti ya batoto ba utapiamlo, ni karanga na maziwa ya unga. Usimugawie kwa huruma, kama amekonda muende sentre ya sante na aleriji muiseme mbele ya yote.

Sasa kama imeisha kutokea, pumzi inapiga filimbi, sauti inabadirika, mutoto analegea, usimunyweshe maziwa ao mafuta ya mawese eti ya kuzima sumu, wala usingoje kidonge ya kuwashwa. Yenye inasaidia ni adrenalini, sindano ya mu paja, kwa hiyo ni hospitali mbio mbio. Mukingoja gari alale miguu juu, lakini kama pumzi njo inamusumbua mumuache akae, na asitembee. Namba ya motari mwenye anaamka usiku umupatie mama leo, hapana siku ile.

Kisha umuombe akuonyeshe mutoto anakulaka nini, na siku ya posho umubakie naye masaa mbili, mama aende soko ya Virunga bila kukimbia.