Treni ikichelewa Ulaya, usitupe tiketi

Ukitaka kuzunguka Ulaya kwa treni, kata tiketi moja ya safari nzima, hata kama unabadilisha treni njiani. Mimi nilijifanya mjanja, nikanunua mbili mbalimbali kwa kuwa zilikuwa nafuu kidogo: Brussels hadi Köln, kisha Köln hadi Hamburg. Treni ya kwanza ikachelewa. Nafika Köln nahema na begi mgongoni, ya pili imeshaondoka dakika sita zilizopita. Nikalipa upya kwa bei ya siku ileile, na bei hiyo si ya kuchekea.

Ingekuwa tiketi moja, mzigo ungekuwa wa kampuni. Sheria ya Umoja wa Ulaya inakupa robo ya nauli ukifika umechelewa dakika 60 hadi 119. Kuanzia 120, nusu. Unadai ndani ya miezi 3. Ila dhoruba kali au mtu kuingia relini, hapo fidia sahau.

Piga picha ubao wa stesheni ukiwa bado unaonyesha dakika za kuchelewa, uwe ushahidi wako. Na ikijulikana mapema kwamba utachelewa saa nzima au zaidi, unachagua: urudishiwe nauli au upelekwe kwa treni nyingine. Uliza kwenye dirisha la tiketi kabla hujafungua pochi.