Kusikiliza konseto ya piano ya Grieg hatua kwa hatua, kwa mtu aliyezoea kwaya

Kuna jamaa tunaimba naye kwaya, yeye besi, ananiambia muziki wa okestra anaupenda ila unampita, piano inakimbia, violini zinalia, makofi, imeisha, na ukimuuliza kasikia nini hana la kusema. Nikamwambia wewe unajua sol-fa na umesimama kwenye sauti ya nne miaka yote hii, wewe ndo mtu sahihi kabisa wa muziki huu. Tukakaa. Hapa naandika tulivyofanya ili na wengine mjaribu.

Tunatumia kazi moja tu, Konseto ya Piano ya Edvard Grieg, mtunzi wa Norwei, A maina, opasi 16 (namba ya kazi). Konseto ni kazi ya ala moja, hapa piano, ikipiga pamoja na okestra. Aliiandika kiangazi cha 1868 akiwa Denmark, ndo kwanza ametimiza miaka 25, ikapigwa mara ya kwanza Copenhagen Aprili 1869, kwenye piano alikuwa Edmund Neupert. Nimeichagua kwa sababu melodi zake zinaimbika na harmoni yake ina mambo mawili matatu ambayo ukishayasikia hutayasahau.

Hatua ya 1: vifaa

Spika ya simu weka pembeni. Besi haitoki pale, na bila besi yote nitakayosema huko chini hayana maana. Hedifoni za waya za bei ya kawaida zinatosha.

Rekodi: mimi nasema Radu Lupu na London Symphony Orchestra, anaongoza André Previn. Ukiikosa, Leif Ove Andsnes na okestra ya Bergen, mji aliozaliwa Grieg mwenyewe. Ile ya Dinu Lipatti ya 1947 naipenda sana kwa anavyoimbisha melodi, lakini ni rekodi ya zamani, huko chini hakusikiki vizuri, iache kwa sasa.

Na tafadhali, zile video zinazoonyesha nota zinatembea kwenye skrini usianze nazo. Macho yanachukua kazi ya masikio, unajikuta unasoma badala ya kusikia. Nota zipo bure kwenye tovuti ya IMSLP, utazifungua ukishamaliza.

Weka pia programu ya kinanda kwenye simu, yoyote ile, tutaihitaji mara mbili.

Hatua ya 2

Sikiliza yote mara moja, kama dakika 30, sehemu tatu. Usiandike kitu.

Hatua ya 3: kamata melodi kwa mdomo

Melodi unaijua pale unapoweza kuiimba bila rekodi, basi, hakuna kipimo kingine. Chukua tatu tu.

Ya kwanza ni ule mwanzo. Ngoma za okestra zinavuma kwa sauti ndogo zikizidi kuwa kubwa, halafu piano inashuka kwa nguvu kutoka juu mpaka chini kabisa. Noti tatu za mwanzo ni la, se, mi. Se ni ile so iliyopandishwa nusu, wanakwaya mnaijua kwenye nyimbo za maina. Sasa imba taratibu: la, se... koo lako lenyewe linataka kurudi la, si ndiyo? Grieg hakurudishi, anakuangusha mpaka mi. Kile kiu cha se ambacho hakikunyweshwa ndo ladha ya konseto nzima, kishike vizuri maana tutarudi kwake.

Ya pili, bado sehemu ya kwanza, ni pale mwendo unapopungua na chelo zinaingia na wimbo mpana kwenye C meja. Ya tatu iko sehemu ya mwisho: baada ya ile dansi ya halling, dansi ya vijana wa Norwei ya kurusha miguu, kelele zinakatika na fluti inabaki inaimba kwenye F meja. Hii ya fluti ishike kuliko zote.

Hatua ya 4: sikia besi

Hapa ndo jamaa yangu alikwama jioni nzima, na yeye ni mwimba besi, kwa hiyo usijione mzito. Nitaeleza kwa kirefu.

Watu wengi wakiambiwa wasikilize harmoni wanaanza kutafuta majina ya kodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja. Acha. Majina hayakusaidii kusikia, na mtu anaweza kujua majina yote asisikie kitu. Harmoni inaingilia chini. Ukijua besi iko wapi na inaelekea wapi umeshapata sehemu kubwa ya kazi.

Chukua mwanzo wa sehemu ya pili, Adagio, yaani mwendo wa taratibu. Piano haijaingia, ni nyuzi peke yake tena zimewekewa kizibo, sauti imefifia. Sikio lako litakimbilia violini, ni kawaida, lirudishe. Vumisha kwa mdomo uliofungwa ile sauti ya chini kabisa unayoisikia. Kama iko chini kuliko koo lako panda oktavu, haina shida. Rudia kipande hicho hicho mpaka uweze kuvumisha huku violini zinaendelea bila kukuvuta.

Wakati unafanya hivyo jiulize mambo matatu tu. Besi imesogea au imekaa? Imesogea kwa hatua moja moja au imeruka? Imefika nyumbani au bado? Nyumbani unakujua: kumbuka mnavyomaliza Amina, besi anatoka so anaanguka do na kila mtu anapumua. Kwenye maina ni mi kwenda la. Besi ikikaa pale kwenye so au mi na watu wote juu wanapanda na kushuka bila kutua, ujue mtunzi anakushikilia makusudi, na watunzi wa enzi hii ya Romantiki, karne ya 19, walipenda kukushikilia muda mrefu kuliko waliowatangulia.

Tahadhari sasa. Kwenye kwaya besi amesimama mahali pamoja, unajua umtafute wapi. Kwenye konseto besi inahama, mara ni dabo besi, mara chelo, mara fagoti, mara mkono wa kushoto wa piano, na inahama katikati ya sentensi bila taarifa. Ukiipoteza usitafute ala ile ile, tafuta sauti ya chini kabisa wakati huo hata kama imetoka kwingine. Tahadhari nyingine, piano ikianza kutiririka zile noti nyingi nyingi kama mawimbi, besi ni noti ya kwanza ya kila wimbi. Mkono unaigusa tu na kuiacha, pedali inaishikilia ivume, zinazofuata zote ni kodi ile ile imefunguliwa. Jamaa yangu alikuwa anajaribu kufuata kila noti, ndo maana alichoka. Alipoanza kukamata ya kwanza ya kila wimbi mambo yalifunguka hapo hapo. Na ya mwisho, wakati mwingine besi haisogei kabisa huku kodi za juu zinabadilika. Usidhani umepotea, imekaa kweli, na raha yake ni ule msuguano unaoongezeka juu yake.

Fungua kinanda cha simu. Shika E juu kwa kidole kimoja usiiachie. Chini bonyeza A na C. Kisha badilisha, C na G. Kisha F na A. E haijasogea hata kidogo, lakini mara ya kwanza ina huzuni, ya pili imetulia, ya tatu ina uchungu mtamu unaotaka kwenda mahali. Fanya polepole, mara nyingi. Ukisikia tofauti hiyo umeshaelewa kwa nini melodi moja ikirudi kwa mara ya tatu inaweza kukutoa machozi wakati mara ya kwanza ulikuwa unaisikiliza tu: noti ni zile zile, waliohamishwa ni walioko chini.

Usiondoke hatua hii mpaka uweze dakika moja ya Adagio na besi mdomoni.

Hatua ya 5: mlango kati ya sehemu ya kwanza na ya pili

Sehemu ya kwanza inaishia A maina. Kimya kidogo, halafu Adagio kwenye D-flati meja, na hewa yote inabadilika. Cheza kwenye kinanda: A, C, E kwa pamoja. Sasa shusha A nusu, pandisha C nusu, pandisha E nusu. Umefika D-flati meja. Kodi hizi mbili hazina noti hata moja ya pamoja, ila kila kidole kimesogea hatua ndogo kuliko zote. Ndo maana inasikika mbali sana na karibu sana kwa wakati mmoja. Na angalia ile A imeshuka kwenda wapi: la kwenda se, ule ule mwendo wa mwanzo. Safari hii se imepata kodi yake ya kupumzikia.

Usikatize rekodi kati ya sehemu hizi, na usitumie orodha za nyimbo zinazochanganya vipande.

Hatua ya 6: noti moja mwishoni

Sehemu ya mwisho, dakika za mwisho kabisa, wimbo wa fluti unarudi kwa okestra nzima, mwendo mzito, sasa A meja. Umeuimba, unaujua. Kwenye A meja ti ni G shapu, na baada ya nusu saa ya kuisikia ikitamani kufika juu unaitegemea. Grieg anaweka G tupu, yaani ta badala ya ti. Ile kiu inakatika ghafla, na badala ya kubanwa unapata upana, sauti za kale za fidla za kijijini Norwei.

Mwaka 1870 Grieg alimpelekea Liszt, mtunzi na mpiga piano maarufu, nota hizi Roma, Liszt akazipiga papo hapo bila kuzifanyia mazoezi. Alipofika hapo alisimama, akanyanyua mikono, akaanza kupaza sauti kwamba ni G, G, siyo G shapu. Grieg aliwasimulia wazazi wake kwa barua. Ukiipata mwenyewe bila mtu kukuonyesha dakika, utaelewa Liszt alisimama kwa nini.

Usipoisikia, tatizo liko hatua ya 3, wimbo wa fluti haujaushika. Rudi.

Hatua ya 7

Nenda kwa mtunzi Robert Schumann, konseto yake ya piano nayo ni A maina, Clara mkewe aliipiga Dresden Desemba 1845, na Grieg alimsikia Clara akiipiga alipokuwa mwanafunzi Leipzig. Melodi ya obo mwanzoni ni do, ti, la, la. Ifuate sehemu ya kwanza yote, na mwendo ukitulia katikati, piano na klarineti zikianza kupeana zamu, vumisha besi uone wimbo ule ule umehamishiwa wapi.