Venye utalinganisha ndege za vita za Kisovieti na za Magharibi

Kila Jamhuri zile F-5 zetu za Marekani zikipita juu ya Nairobi mabishano huanza, ati MiG ya Wasovieti ingeimaliza ama haiwezi, na karibu kila mtu anaanza na spidi. Spidi iweke mwisho. MiG-21 hufika Mach 2, yaani mara mbili ya spidi ya sauti, na F-5E haifiki hata Mach 1.7, lakini 1977 kule Ogaden marubani wa Ethiopia wakiwa na hizo hizo F-5E waliangusha MiG kadhaa za Somalia.

Anza na modeli na mwaka. Ukisema MiG-21 tu bado hujasema kitu, juu zile za mwanzo zilikuwa na karada ka kupima umbali peke yake, na MiG-21bis ya miaka ya sabini ni ndege ingine kabisa.

Halafu uliza iliundiwa kazi gani, na hapa usiharakishe kwa sababu ndipo wengi hupotea. Wasovieti walitaka rubani aongozwe na rada iliyo ardhini, apae haraka, apige, arudi, so mafuta kidogo ilitosha. Angalia MiG-25, Magharibi waliiogopa wakidhani inajua kukata kona sana, mpaka Septemba 1976 rubani Viktor Belenko akatoroka nayo akatua Hakodate, Japani, wakaifungua wakapata ni chuma kizito chenye nikeli na rada ya valvu kama redio za kitambo. Haikuwa mbovu, hapana! Ilikuwa ya kukimbiza ndege za juu sana, si ya kuzungushana.

Uliza pia wanapigana wakiwa umbali gani. Ujerumani ilipoungana 1990 ilirithi MiG-29, na marubani wa NATO wakajionea kwamba karibu karibu ni hatari mbaya, rubani anageuza kichwa tu na helmeti inaelekeza kombora la R-73, lakini ukiwa mbali rada na mafuta yake hazimtoshi.

Na usisahau watu. 1999 Su-27 za Ethiopia ziliangusha MiG-29 za Eritrea, zote za Kisovieti, so kutaja nchi iliyounda ndege peke yake hakutoshi, uliza pia nani anairusha.

Kama unatafuta pa kuanzia mazoezi, chukua F-5E na MiG-21bis. Wasovieti wenyewe walipata F-5E kutoka Vietnam baada ya 1975, wakaipeleka kwao wakaizungusha na bis, na kwa mapigano ya karibu F-5E ikashinda. Jaribu kueleza kwa nini bila kutaja spidi.